Shajara ya kijitabu: msongo na ubongo wa kijana balehe

Wiki ya 1

Tumeanza. Tunatengeneza kijitabu cha kurasa 32 pamoja na toleo la kusikiliza, kwa vijana wa miaka 12 hadi 17 na kwa wanaowalea, kuhusu kinachotokea ubongoni kijana anapobanwa. Tuko wanne: mshauri nasaha, mchoraji, mfasiri wa vitabu vya sayansi, na mimi ninayeandika na kutunza shajara hii.

Siku ya kwanza yote imeishia kwenye jina. Mfasiri anataka "msongo wa mawazo" kwa kuwa ndivyo watu walivyozoea kusikia. Nimempinga. Ukimwambia kijana kwamba ana msongo wa mawazo, anaelewa kuwa kosa liko kwenye mawazo yake, na dawa ni kuacha kuwaza. Kumbe moyo wake ulishaanza kwenda mbio kabla hajawaza lolote. Kitenzi chenyewe, kusonga, ni cha mwili: kubana, kukaba, kushindilia.

Hans Selye, mmoja wa watafiti wa mwanzo wa msongo, naye hakuanzia kwenye mawazo. Barua yake fupi ya mwaka 1936 katika jarida la Nature, aliyoiandika akiwa Montreal, ilihusu panya. Aliwaweka kwenye baridi, akawachosha, akawapa dawa kwa vipimo vya kuwadhuru, na kila mara alikuta mambo yale yale: tezi za adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi, ile ya kinga iliyo kifuani, imesinyaa, tumbo lina vidonda. Watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba jibu la mwili si moja kabisa kama alivyodhani, lakini jambo la msingi lilibaki: mwili una namna yake ya kujibu inapobidi, mwenyewe apende asipende.

Tumekubaliana hivi. "Msongo" peke yake ni jibu la mwili na ubongo. "Msongo wa mawazo" ni yale mawazo yanayobaki yakizunguka kichwani baada ya jambo kupita. "Stresi" litaingia pale vijana wanaposema wenyewe, maana hivyo ndivyo wasemavyo.

Wiki ya 2

Nimeandika kurasa nne kuhusu njia ya msongo, nikazipunguza hadi moja na nusu.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya neva na hesabu yake ni sekunde: adrenalini inaingia kwenye damu, moyo unadunda, viganja vinalowa. Ya pili ni ya homoni, nayo ina vituo vitatu. Haipothalamasi, iliyo ndani kabisa ya ubongo, inaiamsha tezi ya pituitari iliyoning'inia chini yake. Pituitari inatuma homoni kupitia damu hadi kwenye tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo. Adrenali zinatoa kotisoli. Safari hiyo si ya sekunde tena. Ukipima mate ya mtu aliyesimamishwa kuhutubia mbele ya watu wanaompima kwa macho, kotisoli hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 tangu jambo lianze.

Hapa niliweka kalamu chini. Dakika 20 ni nyingi sana. Ugomvi umekwisha, swali la mtihani limejibiwa au limerukwa, mlango umeshabamizwa, na kotisoli ndiyo kwanza inapanda. Mtu mzima anauliza, "Mbona bado umenuna, si yalishaisha?" Kwenye damu ya kijana hayajaisha. Nimeishi na vijana miaka mingi na nimewahi kuuliza swali hilo hilo, kwa sauti isiyofaa, zaidi ya mara moja.

Kuna jambo jingine ambalo sikulipa uzito hapo mwanzo. Ubongo hautumi amri tu, nao unapokea. Bruce McEwen na wenzake walionyesha mwaka 1968 kwamba homoni ya msongo ya panya, inayofanana na kotisoli, hunaswa kwa wingi kwenye hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu. Na hipokampasi ni miongoni mwa sehemu zinazoiambia haipothalamasi kwamba yatosha sasa, punguza. Kwa hiyo kotisoli inarudi kuzima moto ule ule ulioiita. Kupanda ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kushuka, na sijaona kijitabu cha vijana kinachoieleza.

Nimemwomba mchoraji aiweke kando picha ya ubongo wenye rangi aliyokuwa ameianza. Badala yake achore mstari mmoja, wenye dakika chini yake, unaopanda na kushuka.

Wiki ya 3

Rasimu imefika kwa wasomaji wetu sita. Wazazi wao wameridhia, na wao wenyewe wameridhia, kila mmoja peke yake. Hatuwapimi chochote na hatuwaulizi ya nyumbani kwao. Wanasoma na kuandika pembeni.

Msichana wa miaka 15 ameandika kwenye ukurasa wa 9: "Kwa hiyo ubongo wangu ni mbovu?"

Kosa ni langu. Nilitumia ule mfano wa gari lenye mafuta mengi na breki mbovu, ambao umeenea kila mahali. Msingi wake si uongo. Amigdala, kifundo kidogo kinachoitikia haraka dalili za hatari, na mifumo ya ubongo inayovutwa na raha, huwa imechangamka sana wakati wa balehe. Gamba la mbele ya ubongo, lililo nyuma ya paji la uso, ambalo hupima, huahirisha na hutuliza, huchukua muda mrefu zaidi kukomaa. Lakini niliyoyaandika yalisomeka kana kwamba kijana ni mtu mzima aliyeharibika. Gari lenye breki mbovu hupelekwa gereji, na huyu mtoto haendi gereji, anakua.

Nimefuta ukurasa mzima.

Wiki ya 4

Bado ni ukurasa wa 9. Nimeuandika mara tano.

Kilichonisaidia ni utafiti uliotoka mwaka 2013, ambapo watu wa miaka 4 hadi 22 walionyeshwa nyuso zenye hofu wakiwa ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo kwa sumaku. Kwa watoto wadogo, amigdala ikichangamka, gamba la mbele nalo huchangamka pamoja nayo, kama watu wawili wanaopiga kelele kwa pamoja. Kuanzia kama miaka 10 hali inageuka: moja ikipanda, nyingine inashuka. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa watu wazima, na wengi wanaichukulia kuwa alama ya gamba la mbele kuanza kuituliza amigdala.

Kikundi hicho hicho cha watafiti kiliwaangalia pia watoto ambao maisha yao yalianzia kwenye vituo vya kulelea, bila mama, kabla ya kuchukuliwa na familia. Kwa watoto hawa, mpangilio wa kikubwa ulikuwa umeshaonekana mapema, katika umri ambao wenzao walikuwa bado na ule wa kitoto. Mtu angetarajia msongo mzito wa utotoni ucheleweshe ubongo. Hapa unaonekana kuuharakisha. Mshauri nasaha alinyamaza kwa muda, kisha akasema anawafahamu watoto wa namna hiyo: watulivu kupita umri wao, wanaoosha vyombo bila kutumwa, na hakuna anayewauliza wana nini. Sitaweka maneno yake kijitabuni, kwa sababu utafiti haukusema hayo. Nimeyaweka hapa.

Ukurasa wa 9 sasa unaanza hivi: "Ubongo wako unajifunza kujituliza wenyewe, na unajifunza katika miaka ile ile ambayo mambo ya kukubana yameongezeka." Msichana amesoma na kuandika "sawa". Sitaki zaidi ya hapo.

Wiki ya 5

Nimefuta "ubongo hukomaa ukifika miaka 25". Sikupata utafiti wowote unaoonyesha jambo la pekee linalotokea mwaka huo. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya picha za ubongo za watu zaidi ya laki moja, unaonyesha ujazo wa tishu ya kijivu, yenye miili ya seli, ukifikia kilele karibu na miaka 6, na ujazo wa tishu nyeupe, yaani nyuzi zinazounganisha sehemu na sehemu, ukifikia kilele karibu na miaka 29. Kila tishu ina kalenda yake. Mfasiri amesikitika, alikuwa ameshatunga kichwa kizuri chenye hiyo 25.

Wiki ya 6

Sura ya "Wamejuaje?" Hii niliiomba mimi, na wenzangu walidhani itawachosha vijana. Imekuwa kinyume. Ndiyo sura iliyorudi na maswali mengi kuliko zote.

Jambo la kwanza lililowashtua ni kwamba mashine ya MRI haioni fikra. Inaona damu. Seiji Ogawa alionyesha mwaka 1990 kwamba damu yenye oksijeni na isiyo nayo huitikia sumaku kwa namna tofauti, na sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu mpya. Mawimbi hayo ya damu hufika kileleni kama sekunde tano au sita baada ya kazi yenyewe. Rangi nyekundu na njano za kwenye picha hazimo kichwani, zimepakwa na kompyuta juu ya hesabu za takwimu. Mvulana mmoja ameandika: "Nilidhani ubongo unawaka kweli." Namshukuru kwa kulisema, maana watu wazima wengi wanaamini hivyo na hawasemi.

EEG, yaani kupima umeme wa ubongo kwa vihisi vinavyobandikwa kichwani, ni ya zamani zaidi. Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mjini Jena mwaka 1924 na kuchapisha mwaka 1929. Haioneshi vizuri jambo limetokea wapi, lakini kwa wakati ni sahihi mno. Mtu akibonyeza kitufe kisicho sahihi, kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kupita, wimbi la kosa huonekana mbele katikati ya kichwa. Wimbi hilo huongezeka ukubwa kadiri mtoto anavyokua kuelekea utu uzima, na kwa wenye wasiwasi mwingi mara nyingi huwa kubwa zaidi. Nimepapenda mahali hapa, kwa sababu kijana anayejilaumu kwa kila kosa dogo anaweza kuona kwamba kengele yake inalia kwa sauti kubwa, na kwamba ukubwa wa kengele haumaanishi ukubwa wa kosa.

Kisha likaja swali: wanamtiaje mtu msongo ndani ya chumba cha utafiti bila kumdhuru? Jaribio linalojulikana zaidi lilitungwa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 1993. Unapewa dakika chache ujiandae, unahutubia mbele ya majaji, kisha unafanya hesabu ya kutoa kwa kichwa, ukikosea unaanza upya. Mwaka 2004 tafiti 208 za maabara ziliwekwa pamoja kuona ni kipi hasa kinachopandisha kotisoli. Hesabu ngumu peke yake haikutosha, wala kelele. Iliyopanda zaidi ni ile ya kazi ambayo mtu hana uwezo wa kuiongoza huku watu wengine wakimpima thamani yake. Kwa mwenye miaka 14 hiyo si maabara, ni siku ya kawaida. Nimeiandika sentensi hiyo kijitabuni na imebaki.

Wiki ya 7

Mchezo wa mpira umepata ukurasa wake. Watafiti wanauita Cyberball. Uko kwenye kompyuta, mnarushiana mpira watatu, kisha wale wawili wanaacha kukurushia. Ni hivyo tu. Hao wawili si watu, ni programu, na bado inauma. Mwaka 2003 jaribio hilo lilifanywa ndani ya MRI, na sehemu ya singuleti ya mbele, inayochangamka pia mtu anapohisi maumivu, ilichangamka mtu alipotengwa. Baadaye, mwaka 2010, watafiti waliwalinganisha wasichana wa miaka 11 hadi 15 na wanawake watu wazima, na baada ya kutengwa hali ya moyo ya wasichana ilishuka zaidi.

Tumebishana kuhusu "maumivu". Singuleti huchangamka kwa mambo mengi, hata mtu anapokutana na jambo asilolitarajia, kwa hiyo huwezi kuiona imechangamka ukasema kwa hakika huyu anaumia. Nimeandika "sehemu inayohusika pia na maumivu" na kuongeza mistari miwili ya kueleza kwa nini tumesema "pia". Mshauri nasaha anaona mistari hiyo ni mingi. Nimeng'ang'ania. Vijana wameonyesha wanaweza kubeba "pia".

Wiki ya 8

Wiki nzito. Tumesoma utafiti wa mwaka 2015 uliowapa watoto wa miaka 9 hadi 10 na vijana wa miaka 15 hadi 16 hotuba ya kuandaa. Nusu walijiandaa wakiwa na mzazi kando, nusu wakiwa na mtu wasiyemjua. Kwa watoto, uwepo wa mzazi uliizuia kotisoli isipande. Kwa vijana haukuizuia.

Mfasiri ni mama wa mvulana wa miaka 16. Alisoma, akafunga kompyuta, akasema: "Basi sisi tumeshamaliza kazi." Sikuwa na jibu siku hiyo.

Siku ya pili tulirudi tukasoma upya, polepole. Kilichopimwa ni kotisoli ya hotuba moja, na msaada wa dakika tano. Hakikupimwa kijana anarudi nyumba gani usiku, wala nani atakaa naye wiki ya pili ya huzuni. Na kama kuwepo tu hakumtulizi tena kijana kama kulivyomtuliza mtoto, mzazi anaweza kuacha kujilaumu kwamba ameshindwa kumtuliza mwanawe kwa neno moja kama zamani. Ukurasa wa wazazi umeandikwa na mfasiri mwenyewe. Ndio ukurasa bora kuliko yote tuliyo nayo.

Wiki ya 9

Usingizi, nusu ukurasa. Saa ya mwili husogea mbele wakati wa balehe: melatonini, homoni ya usingizi, huchelewa kupanda usiku, kijana anachelewa kusinzia, asubuhi anaamshwa usingizi haujamtosha. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Neno "mvivu" limeondolewa hata kwenye mfano.

Wiki ya 10

Nimepita kijitabu chote na kalamu nyekundu. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha kazi iliyotumia data za watu wapatao 50,000, ikiwemo ya mradi wa ABCD wa Marekani unaowafuatilia zaidi ya watoto 11,000 tangu wakiwa na miaka 9 au 10. Iliuliza: unahitaji watu wangapi ili uunganishe kwa uhakika umbo au shughuli za ubongo na tabia ya mtu? Jibu ni maelfu. Uhusiano wenyewe ni mdogo, na kundi la watu 25 linaweza kuonyesha kitu kikubwa ambacho hakipo.

Sentensi tatu zangu zimekufa leo. Zote zilikuwa za aina moja: vijana wenye msongo mwingi wana sehemu fulani ya ubongo iliyo ndogo zaidi. Hata ingekuwa kweli, hatungejua kipi kimetangulia. Huenda msongo ndio uliobadili ubongo, huenda ubongo wa namna fulani huukuta msongo kwa urahisi, huenda jambo la tatu limeleta yote mawili. Ndiyo maana kuwafuata watoto wale wale miaka kumi kuna thamani kuliko kuwapiga picha mara moja.

Wiki ya 11

Hakuna kilichoandikwa. Mchoraji anaumwa.

Wiki ya 12

Sura ya "Ufanye nini" ilikuwa orodha ya kupumua na kunywa maji. Nimeiandika upya nikianzia kwenye majaribio sita ya Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2022, yenye vijana zaidi ya 4,000. Walipewa somo moja la mtandaoni la kama nusu saa: kwamba uwezo hukua, na kwamba moyo kwenda mbio unaweza kuwa mwili unajikusanyia nguvu ya kazi. Miili yao ilijibu msongo kwa namna nzuri zaidi, na hali zao za kila siku zilinufaika.

Nimeiweka, na papo hapo nimeiwekea ukuta. Somo hilo ni la hotuba, mtihani, mechi. Kijana anayepigwa, anayeguswa vibaya au anayelala njaa hahitaji kuutazama moyo wake upya, anahitaji mtu mzima aingilie kati. Maneno hayo yako kwenye ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Wiki ya 13

Mchoraji amerudi na mstari wake. Ni mzuri: unapanda, unakaa, unashuka hadi pale ulipoanzia, dakika zimeandikwa chini. Tumewapelekea wasomaji.

Mvulana wa miaka 13, ambaye tangu mwanzo hakuandika zaidi ya alama za vema, ameandika: "Na kama haushuki?"

Tulikuwa tumesahau kumjibu mtu huyo. Kijitabu kizima kimejengwa juu ya mstari unaorudi.

Wiki ya 14

Nimeandika ukurasa wa 27 kwa ajili yake. Msongo usioachia hubadili kazi ya ubongo. Kwa panya waliobanwa siku nyingi mfululizo, matawi ya seli za gamba la mbele hupungua, na ya sehemu za amigdala huongezeka. Na mstari wenyewe unaweza kufanya jambo lisilotarajiwa: kwa baadhi ya watu waliobanwa kwa muda mrefu, kotisoli haipandi sana tena. Mstari unalala. Kwa nje anaonekana ametulia.

Nimeongeza utafiti mmoja mdogo, na nimeutaja kuwa mdogo: wanafunzi 20 wa udaktari, watu wazima, waliokuwa katika wiki za kujiandaa na mtihani mkubwa. Walipata shida kuhamisha usikivu kutoka jambo hadi jambo, na mawasiliano kati ya sehemu za mbele za ubongo wao na nyingine yalikuwa yamelegea. Mwezi mmoja baada ya mtihani kupita, tofauti hiyo ilikuwa imetoweka. Baada ya kalamu nyekundu ya wiki ya 10 nilisita, lakini nimeuacha na idadi yake mbele ya macho ya msomaji. Nataka yule mvulana aone kwamba mstari uliokaa juu kwa wiki kadhaa umewahi kushuka kwa watu halisi, mzigo ulipoondolewa.

Mshauri nasaha ameandika mistari ya mwisho ya ukurasa: ikiwa wiki mbili zimepita na usingizi, chakula au masomo havijarudi, mwambie mtu mzima unayemwamini, ikiwa unafikiria kujidhuru, mwambie leo, usingoje wiki mbili.

Mchoraji ameuliza jioni hii mstari wa ukurasa wa 27 aukomeshe wapi. Nimemwambia asiukomeshe, aupeleke hadi ukingoni mwa karatasi, kisha auendeleze ukurasa wa 28, ambako wameketi watu wawili.